Maswali ya Wasomaji: Kutoa Wakati Ziwa Limefungwa

Barua za safari hii zimetoka mkoani Kigoma, na ingawa walioziandika hawafahamiani, zote zinagusa jambo moja: mtu anayeamini kwamba Mungu ndiye mpaji wa riziki anapaswa kutoa namna gani, hasa pale ambapo alicho nacho hakimtoshi yeye mwenyewe. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu maumivu yaliyomo ni ya watu wengi, na kwa sababu fundisho lililomwumiza mama huyu linastahili kujibiwa waziwazi. Majina tumeyahifadhi.

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mjane mwenye watoto wanne, ninaishi Kibirizi, na kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika na kuwauza. Ziwa Tanganyika linapofungwa lisivuliwe kwa miezi mitatu, kama lilivyofungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, nyumbani kwangu hata kupata mlo mmoja ni kazi. Katika kipindi kama hicho alikuja mhubiri mgeni akatufundisha habari za mjane wa Sarepta, akasema kila anayetaka ghala lake lijazwe apande mbegu iliyo kubwa kuliko uwezo wake, kwa kuwa mbegu ndogo ni dalili ya imani ndogo. Nilikwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, nikautoa wote madhabahuni. Wiki hiyohiyo jirani yangu, ambaye mume wake ni mvuvi na naye alikuwa amekaa bila kazi, aliniomba sado ya unga. Nilimwambia sina, na kweli sikuwa nao. Sasa mkopeshaji amechukua godoro na jiko la gesi, na mavuno niliyoahidiwa sijayaona. Baadhi ya wapendwa wananiambia kwamba nilitoa kwa mashaka. Je, imani yangu ilipungua wapi? Na mtu wa hali yangu anawezaje kutoa kwa kumtumaini Mungu wakati ziwa limefungwa?

Mama wa Kibirizi

JIBU

Amina, mama yangu, na pole sana. Nianze na lile linalokuumiza zaidi. Wanaokuambia kwamba ulitoa kwa mashaka wanatafuta kosa mahali ambapo halipo, kwa maana mtu aliyediriki kukopa kwa riba ya kutisha ili atoe kile alichoambiwa kwamba Mungu anakitaka hakupungukiwa utayari. Kasoro ilikuwa katika fundisho. Ulifundishwa kumwendea Mungu kwa hesabu za biashara, ukaambiwa kwamba sadaka ni mtaji na baraka ni faida, na kwamba mtaji ukiwa mdogo faida nayo itakuwa ndogo. Ukishayakubali hayo, kwenda kwa mkopeshaji ni hatua inayofuata yenyewe, kwa sababu mfanyabiashara asiye na mtaji hukopa. Kumtumaini Mungu kwa riziki ni jambo jingine kabisa, na habari ya mjane wa Sarepta, ambayo ilitumika kukuumiza, ndiyo inayolionyesha vizuri.

Isome upya katika 1 Wafalme, sura ya 17, bila haraka. Nchi ilikuwa katika ukame. Eliya mwenyewe alikuwa amekaa kando ya kijito cha Kerithi akiletewa chakula na kunguru asubuhi na jioni, mpaka kijito kikakauka, ndipo akatumwa kwa mwanamke wa kigeni aliyekuwa akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe. Neno la kwanza aliloambiwa na nabii ni "Usiogope", na ahadi ya Mungu kwamba unga hautapunguka wala mafuta hayataisha hadi siku mvua itakaponyesha ilitamkwa kabla hajakanda chochote. Alichotoa kilikuwa mkate mdogo, uliotokana na konzi ya unga iliyokuwa tayari ndani ya nyumba yake. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliambiwa akaazime kwa jirani ili mkate wa nabii uwe mkubwa. Kisha nabii akakaa palepale, akala kutoka katika pipa lilelile pamoja na mama na mtoto, siku nyingi. Hakuondoka na unga wa mjane akaenda zake mji mwingine. Na pipa lenyewe halikufurika. Maandiko yanasema tu kwamba halikupunguka. Mama yule alipewa riziki ya kila siku kwa siku zote za ukame, na riziki hiyo ilimtosha yeye, mwanawe na mgeni wake.

Ipo habari nyingine ya mjane ambayo ningependa ungeisikia siku ile, nayo iko katika 2 Wafalme, sura ya 4. Huyu alikuwa na deni, na aliyemwia alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwomba sadaka hata kidogo. Alimwuliza ana nini nyumbani, na mafuta yale machache yalipoongezeka ndani ya vyombo alivyoazima kwa majirani, alimwagiza ayauze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki. Mungu alipomhurumia mjane yule alianza kwa kumwondolea deni, na mimi siwezi kuamini kwamba Mungu huyohuyo alikutuma wewe uliingie.

Sasa tufike kwenye kiini. Mtoto anayejua kwamba mama yake atapika jioni humkatia mwenzake kipande cha muhogo wake bila kulia, na hafanyi hivyo ili mama amwongezee nyama. Mkono wake ni mwepesi kwa sababu hana hofu. Ndivyo Bwana Yesu alivyofundisha katika Mathayo, sura ya 6, alipowakataza wanafunzi wake kusumbukia chakula na mavazi, akisema, "Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote." Maneno hayo hayakumwahidi mtu utajiri, bali yalikusudiwa kuiondoa hofu, kwa kuwa hofu ndiyo inayoufunga mkono wa tajiri na wa maskini vilevile. Mwandishi wa Waebrania anaonya dhidi ya kupenda fedha, kisha anatoa sababu yake katika sura ya 13: "kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Angalia mpangilio huo. Uhakika wa kwamba Mungu hataondoka ndio unaotangulia, na ukarimu unaufuata. Anayetoa ili apate uhakika huo bado hajautumaini, anajaribu kuununua.

Najua kwamba watakukumbusha makanisa ya Makedonia, ambayo Paulo anayasifu katika 2 Wakorintho, sura ya 8, kwa kutoa hata kupita uwezo wao wakiwa katika umaskini mkubwa. Ni kweli waliyatenda hayo, nasi tunayaheshimu. Lakini fedha zile zilikuwa za kuwasaidia watakatifu wenye shida huko Yerusalemu, hazikuwa za Paulo. Tena Wamakedonia walitoa kwa hiari yao, wakimsihi Paulo awape nafasi ya kushiriki, na wala si yeye aliyewasihi. Katika sura hiyohiyo mtume anaweka kipimo ambacho kingekulinda wewe na kausha damu: "Maana, kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Anaongeza kwamba hakusudii wengine wastarehe huku wao wakidhikika, na sura inayofuata inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Hata usafirishaji wa fedha ulikabidhiwa kwa Tito pamoja na ndugu waliokubalika na makanisa, ili asiwepo mtu wa kulaumu namna mchango ule ulivyoshughulikiwa. Mhubiri anayetaka tutoe kama Wamakedonia akubali pia kuhesabiwa kama Paulo.

Kuhusu wajane, sheria ya Musa iko wazi kiasi kwamba inashangaza jinsi tunavyoisahau. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 linaagiza kwamba mwisho wa kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango ya miji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane ametajwa hapo kama mpokeaji. Naye Bwana Yesu, kabla tu ya kumsifu mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina, alikuwa amewalaani wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Aya hizo mbili zinafuatana katika Marko, sura ya 12, na yeyote anayehubiri ya pili bila ya kwanza anawanyima watu nusu ya neno. Senti zile mbili, tena, zilikuwa za mama yule mwenyewe.

Wapo waliojaribu kumtegemea Mungu kwa namna ambayo wengi wetu tungeiogopa, na inafaa kuangalia walivyofanya. George Müller, mzaliwa wa Prussia aliyehamia Bristol, Uingereza, mwaka 1832 na kufariki huko mwaka 1898, alilea watoto yatima zaidi ya 10,000 kwa muda wa kazi yake bila kumwomba mtu fedha, akimwomba Mungu peke yake. Mtu huyo alikataa kabisa kuingia katika deni, akishika Warumi 13:8 kwa maana yake ya wazi, na kila mwaka alichapisha hesabu za fedha zilizoingia na zilivyotumika. Kama chakula hakikuwapo, alisali na kungoja. Hakuona kwamba kukopa kungeonyesha imani kubwa zaidi.

Hilo la mkopo, mama, lishughulikie mapema. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na wengi wanaotoa kausha damu mitaani hawana. Mwombe mzee wa kanisa au ndugu anayejua kusoma mikataba aandamane nawe hadi ofisi ya kata, mkaeleze vitu vilivyochukuliwa na kiasi ulichokwisha kulipa. Kulipa deni la haki ni wajibu wa Mkristo, ila kunyang'anywa godoro la watoto si jambo la kulinyamazia kwa jina la uvumilivu. Na lipeleke pia kanisani kwako, kwa sababu kusanyiko lililoiona sadaka yako ikipokelewa linapaswa kuliona na deni lako.

Umeuliza utatoaje ziwa likiwa limefungwa. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa nadhani watu wa Ziwa Tanganyika mnaweza kulielewa Neno la Mungu katika jambo hili kuliko wengi wetu tulio mbali na maji. Katika Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Israeli waipumzishe nchi kila mwaka wa saba, wasipande wala wasivune kama kawaida. Aliijua hofu yao, akaitamka kabla hawajaitamka: kama mkisema, tutakula nini mwaka wa saba? Jibu lake lilikuwa kwamba angeiamuru baraka yake katika mwaka wa sita. Riziki ya mwaka wa kupumzika ingekuja mapema, ndani ya mwaka wa kazi, nayo ingekuwa imefichwa katikati ya mavuno ambayo mtu angeweza kuyahesabu yote kuwa yake. Kutoka 23:11 inaongeza kwamba kilichoota chenyewe katika mwaka wa saba kilikuwa cha maskini wa watu.

Kufungwa kwa ziwa, kunakofanywa ili samaki wapate kuzaliana na kukua, ni amri ya serikali, na sitaki kuifanya kuwa amri ya Sinai. Hata hivyo jambo lenyewe linafanana mno na lile la Walawi kwa macho ya anayesali. Dagaa wanaovuliwa kabla ya Mei wana ndani yao chakula cha Juni na Julai, na chakula hicho si cha mwenye chombo peke yake, bali ni cha baharia wake, cha mbebaji wa pale mwaloni, na cha mama anayeanika dagaa bila mtaji wa kumvusha miezi mitatu. Mnaofanya kazi ya ziwa mmekwisha kuzoea kipimo kidogo cha jambo hili kila mwezi, kwa maana usiku wa mbalamwezi vyombo hupumzika, na nyumba huishi kwa kilichopatikana usiku wa giza. Ningetamani makanisa ya Kibirizi, Katonga na mialo yote ya pwani ile yaanze kukusanya mapema, samaki wakiwa wengi, mfuko wa kuwavusha wajane na mabaharia, ukiwa na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu. Huko ndiko kungekuwa kumwamini Mungu wa mwaka wa sita, na mwenye vyombo vitano angepaswa kuanza kabla ya mama mwenye chanja mbili.

Kwa upande wako, anza na jirani yako. Alikuja kukuomba sado ya unga, na mhubiri alikuwa amekwisha kuichukua nafasi yake katika mfuko wako. Siku utakapopika ugali, mpelekee mtoto wake bakuli; ukiwa na dagaa waliokatikakatika ambao hawana bei nzuri sokoni, mgawie, wao ni mboga kamili. Msipokuwa na kitu nyote wawili, mwende pamoja kwa wenye nacho, mkaombe bila kuona haya. Kama kikoba chenu kina mfuko wa jamii, uwekeeni utaratibu wa miezi ya kufungwa, tena uandikwe, ili msaada usitegemee nani anapendwa na nani. Sadaka ya ibada toa kwa kadiri ya ulicho nacho siku ile, hata kiwe kidogo namna gani, na usimruhusu mtu akipime.

SWALI

Mchungaji, nakusalimu katika Bwana. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage karibu na Kasulu. Mke wangu anataka tuweke gunia za kutosha hadi mavuno mengine, lakini mwalimu mmoja wa Biblia alitufundisha kwamba mana iliyowekwa akiba ilitoa funza, kwa hiyo Mkristo anayeweka akiba hamtumaini Mungu. Kila mwaka ifikapo miezi ya njaa watu wanakuja kuomba, wengine ni ndugu, wengine siwajui kabisa. Nikiwapa wote, watoto wangu watalala njaa. Ukoo wangu unasema niwape ndugu tu. Nifanye nini?

Mkulima wa Kasulu

JIBU

Ndugu yangu, mke wako anasema kweli. Mana ilitoa funza kwa walioiweka kinyume cha agizo, kwa kuwa Mungu alikuwa ameahidi kuinyesha tena asubuhi. Lakini siku ya sita aliwaagiza wao hao waweke ya Sabato, na haikuoza. Yusufu naye, kwa hekima aliyopewa na Mungu, alishauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba ya shibe, na akiba ile ikawaokoa Wamisri pamoja na nyumba ya baba yake. Wewe unavuna kwa msimu, na gunia lililo darini ndiyo namna ambayo Mungu anakupa riziki ya mwezi wa Januari. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, kwa hiyo usiwahesabu watoto wako kuwa kikwazo cha ukarimu wako.

Swali ambalo kila mwenye ghala anapaswa kujiuliza ni akiba hii ni ya nani. Tajiri wa Luka, sura ya 12, hakukosea kwa kuvuna sana, wala kwa kutaka mahali pa kuweka. Alikosea kwa kuwa katika mipango yake yote hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Karibu mwaka 369 njaa ilipoipiga Kapadokia, nchi ambayo leo iko ndani ya Uturuki, Basili wa Kaisaria alihubiri juu ya mfano huo mbele ya watu waliokuwa wamefungia nafaka wakingoja bei ipande. Kisha akasimamia yeye mwenyewe kuwalisha wenye njaa wa mji. Akiba inayongoja bei na akiba inayongoja mwenye njaa zinaweza kuwa gunia zilezile, katika ghala lilelile, kwa mwezi huohuo. Mwenyewe anajua moyoni, na majirani hawachelewi kujua.

Jambo linalosaidia ni kuamua kabla ya kuvuna. Walawi, sura ya 19, inamkataza mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, wala asiokote masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Mungu hakumwachia mkulima aamue upya kila anapobishiwa hodi, maana angechoka, na mwishowe angewapa wanaojua kulia kuliko wengine. Kaa na mke wako kabla ya msimu, mkubaliane ni gunia ngapi za watoto, ngapi za mbegu na ada za shule, na ipi au zipi ni za watakaokuja. Hizo za mwisho zikishatengwa, zihesabuni kwamba si zenu tena. Mkifanya hivyo mtatoa bila kugombana, na siku zitakapokwisha mtasema kwa dhamiri safi kwamba zimekwisha. Mwenye nguvu anaweza kupewa kazi ya palizi apate ujira wake, kama Ruthu alivyookota masuke kwa mikono yake katika shamba la Boazi, ilimradi ujira uwe wa haki na mkongwe au mgonjwa asidaiwe jembe.

Kuhusu wasio ndugu, mkoa wako una ushuhuda mkubwa kuliko mahubiri yangu. Kambi ya Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, na mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walimiminika katika kijiji kidogo cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Wenyeji wa Kagunga hawakuwa na ghala la kuwatosha umati ule. Walikuwa na pwani yao na maji yao, na hivyo ndivyo vilivyotumika. Ndugu wa damu wana haki ya kwanza kwako, sikatai, ila Kumbukumbu la Torati linamtaja mgeni mara nyingi mno kiasi kwamba ukoo hauwezi kumfuta. Ikiwa ukoo wako unataka ndugu wahudumiwe zaidi, kila nyumba ya ukoo itenge gunia lake, na mzigo wa ndugu hautakuwa juu yako peke yako.

SWALI

Mchungaji mpendwa, mimi ni mzee wa Ujiji. Nilikuwa fundi wa mitumbwi, nami nilisaidia wengi, nasema hivi bila kujisifu. Tangu nipate kiharusi mkono mmoja haufanyi kazi, na sasa ninaishi kwa kuletewa. Vijana wa kanisa wananiletea mchele na mawese, nami naona aibu kuliko ninavyoona njaa. Juzi niliwarudisha. Nimekosea?

Mzee wa Ujiji

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Naielewa aibu hiyo, maana mtu aliyezoea kuwa mkono wa juu huumia anapokuwa mkono wa chini. Lakini fikiri: wakati ule ulipowasaidia watu, uliamini kwamba riziki yao ilitoka kwa Mungu ikipitia kwako. Imani hiyo haiwezi kuwa kweli siku unapotoa, kisha iwe uongo siku unapopokea. Mungu aliyewatumia kunguru kumlisha Eliya anaweza kuwatumia vijana wa Ujiji, na anayemtumaini Mungu hamchagulii wajumbe.

Paulo, akiwa kifungoni, alipokea msaada wa Wafilipi ulioletwa na Epafrodito, mtu aliyeugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Aliupokea kwa furaha iliyo wazi, akawaandikia kwamba hakukitamani kile kipawa, bali aliyatamani mazao yanayozidi katika hesabu yao. Kwa maneno mengine, alijua kwamba kukataa kwake kungewapunguzia wao kitu. Vijana wale uliowarudisha walikuja kujifunza ukarimu, na wewe ndiwe mwalimu waliyepewa. Tena ilikuwa ni katika barua hiyohiyo, akimaliza kuwashukuru, ndipo Paulo alipowaambia kwamba Mungu wake atawajaza kila wanachokihitaji. Mpokeaji ndiye aliyewaombea watoaji, na kazi hiyo ya kuwaombea kwa majina unaiweza hata kwa mkono mmoja.

Waite vijana hao Jumapili ijayo, uwaombe radhi kwa kifupi, upokee walichobeba. Kisha muulize kila mmoja kama anajua kuchagua mbao ya mtumbwi na kuziba mwanya usivujishe maji. Kama yupo asiyejua, mwambie aje na patasi yake, wewe utaelekeza na yeye atatumia mikono yake, na siku atakapopata kazi ya kwanza umwagize apeleke sehemu ya ujira wake kwa mgonjwa mwingine, asiulete kwako.